Mwalimu Anayeuzuia Mkono Wake

Leo tumwangalie mtu ambaye wengi wetu hatujawahi kumfikiria, ingawa kila aliyeng'olewa au kuzibwa jino na daktari aliyesomea hapa nchini amefikiwa na kazi yake. Ni mwalimu wa madaktari wa meno.

Mtu huyu ana sura nyingi. Barua yake ya ajira inasema ni mhadhiri wa chuo kikuu. Leseni yake inasema ni daktari wa meno. Hospitalini anajulikana kwa ubingwa wake: upasuaji wa kinywa na taya, meno ya watoto, kupanga meno, meno ya bandia. Kwenye majarida ya kitaaluma ni mtafiti. Na siku akikabidhiwa idara, anakuwa pia mtu wa vikao, bajeti na kujibu barua. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Huyu kashika manne, pengine matano. Je, katika hayo yote, lililo lake hasa ni lipi? Lipi likimponyoka, tumempoteza?

Jibu langu nalitanguliza, ili msikilizaji wa kwenye daladala anayeshuka kituo kinachofuata asishuke mikono mitupu. Kazi yake hasa ni kusimama kando ya kiti cha mgonjwa wakati mwanafunzi anatibu, na kuuzuia mkono wake mwenyewe usiingilie mpaka inapobidi. Mengine yote yana wenyewe: kutibu kuna madaktari, kuhutubia darasa kuna wahadhiri wa kila fani, kuandika makala kuna watafiti. Hili la kando ya kiti ni lake peke yake. Na ndilo ambalo vyuo vyetu havijajifunza kulihesabu.

Tuingie basi kwenye kliniki ya wanafunzi, tuone. Tuseme mgonjwa ni mama muuza vitumbua. Gego lake la chini, upande wa kushoto, limetoboka, na usiku hapati usingizi. Mwanafunzi wa mwaka wa nne amemkaribisha, amemhoji, ametazama kwa kioo, ameomba picha ya eksirei. Kabla hajagusa kitu kingine, anamwita mwalimu. Mwalimu anamsalimia mama, anaangalia jino, anaangalia picha, kisha anamgeukia mwanafunzi. Umemuuliza kama ana presha? Ana sukari? Anatumia dawa gani? Umesema jino linaweza kuzibwa; umejuaje kwamba uozo haujafika kwenye neva? Mwanafunzi anajibu, mengine anayaweza, mengine anababaika. Mwalimu anatia saini kwenye kadi, kazi inaanza.

Kwanza ganzi. Sindano ya magego ya chini haichomwi penye jino. Inapelekwa nyuma kabisa ya kinywa, upande wa ndani wa taya, pale neva inapozama kwenye mfupa. Mahali penyewe hapaonekani. Mwanafunzi anapapasa ukingo wa mfupa kwa kidole gumba, anakadiria, na bomba la sindano analilaza juu ya magego madogo ya upande wa pili wa kinywa. Mwalimu hasemi kitu. Macho yake yako kwenye ule mlalo wa bomba. Ukienda kombo kidogo tu, dawa itamwagika pasipo na neva. Mwanafunzi anavuta pampu nyuma kidogo kuhakikisha hajaingia kwenye mshipa wa damu, halafu anasukuma dawa polepole. Wanasubiri. Mwalimu anauliza, "Mama, mdomo wa chini unausikiaje?" Mama akijibu kwamba mdomo ni mzito kama umevimba, ganzi imeshika. Akisema ulimi ndio umekufa ganzi lakini mdomo uko vilevile, kazi inarudiwa.

Kisha kukwangua uozo. Mwanafunzi anachonga kwa mashine, anamalizia kwa kijiko kidogo cha chuma, anaona pamekuwa safi. Mwalimu anachukua chuma chembamba chenye ncha, anaikwaruza sakafu ya tundu, halafu anamrudishia mwanafunzi chuma kile na kumwambia neno moja: "Sikiliza." Jino zima hukwaruza kwa sauti kavu. Palipooza, chuma huzama na sauti hufa. Kijana anakwaruza hapa, anakwaruza pale, na ghafla uso wake unabadilika: amesikia. Kuna vitabu vinene kuhusu uozo wa meno, na kijana huyu amevisoma na kuvifanyia mtihani. Lakini sauti ile haimo vitabuni, na hakuna mhadhara utakaompa. Amepewa na mtu aliyesimama pale.

Sasa, wasikilizaji, jambo ambalo wengi hawalioni ni hili. Jino lile mwalimu angelimaliza kwa dakika chache. Mwanafunzi anachukua saa nzima na ushei. Taya la mama limechoka, mgonjwa mwingine anasubiri kwenye benchi, na mkono wa mwalimu, uliozoezwa miaka na miaka kuingia kazini mara tu unapoona jino bovu, unawasha. Kila alichofundishwa kama daktari kinamwambia achukue mashine amalize. Kila anachopaswa kuwa kama mwalimu kinamwambia asubiri.

Gari la shule ya udereva lina breki ya pili upande wa mwalimu. Kiti cha meno hakina. Breki ya mwalimu ni jicho lake, na sauti yake, ambayo lazima iwe ya chini ili mgonjwa asishtuke. Akisema kwa upole, "Hebu tumwache mama apumzike kidogo," mama anafurahi kwamba anahurumiwa. Mwanafunzi anaelewa kwamba ametakiwa kuondoa mashine mdomoni sasa hivi.

Na kuna mpaka. Mama yule hakuja pale kuwa daftari la mtu. Mzizi ukivunjika, damu ikikataa kukata, tundu likikaribia kufika kwenye neva, mwalimu anavaa glavu na kukaa. Akikaa mapema mno kila mara, atazalisha madaktari ambao hawajawahi kumaliza kazi ngumu kwa mikono yao, na hao watakwenda kujifunzia kwa wagonjwa wa wilayani pasipo na mtu wa kuwasimamia. Akichelewa, ameliponza jino la mtu aliyemwamini. Uamuzi huo anaufanya mara nyingi kwa siku, kwa viti kadhaa kwa wakati mmoja. Daktari wa kliniki ya mtaani haujui, na mwalimu wa darasani haujui. Kwangu mimi, hapo ndipo utambulisho wa mtu huyu ulipo.

Tutazame nyuma kidogo, maana mvutano huu haukuanza jana. Mwaka 1840, mjini Baltimore, Marekani, Horace Hayden na Chapin Harris walianzisha chuo cha kwanza duniani cha kufundisha udaktari wa meno peke yake. Kabla ya hapo kijana aliyeutaka ujuzi huo alijishikiza kwa mjuzi, akamtumikia, akaokota kazi kwa macho. Hayden na Harris wote walikuwa madaktari wenye wagonjwa wao, na ualimu waliuongeza juu ya kazi hiyo. Wahitimu wao wa kwanza, mwaka 1841, walikuwa wawili tu. Baadaye vyuo vikaota kila mahali, vingi vikiwa mali ya watu binafsi waliotafuta ada. Mwaka 1926 akatokea William Gies, mtaalamu wa biokemia wa Chuo Kikuu cha Columbia, ambaye wala hakuwa daktari wa meno. Katika ripoti yake kwa Taasisi ya Carnegie, baada ya kuvichunguza vyuo vya Marekani na Canada, alishikilia kwamba elimu ya meno ikae ndani ya chuo kikuu na ipewe uzito sawa na udaktari mwingine. Hoja ilikuwa nzuri, na ilishinda. Lakini kuanzia hapo mwalimu wa meno alitakiwa aishi kwa sheria za chuo kikuu, na chuo kikuu humpima mtu kwa maandishi.

Kwetu Afrika Mashariki mafunzo haya ni ya juzi tu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuyatoa mwaka 1974. Dar es Salaam, pale Muhimbili, ilianza mwaka 1979, wakati huo ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo ni skuli ndani ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kilichopata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2007. Maana yake ni kwamba tuko kwenye kizazi cha walimu waliofundishwa na wanafunzi wa walimu wa kwanza. Desturi za kazi hii bado zinajengwa, na tunaweza kuzijenga tupendavyo.

Na katika historia hiyo fupi tunao mfano wa kujivunia. Katikati ya miaka ya 1980, walimu wa skuli ya meno ya Dar es Salaam, akiwemo Mholanzi Jo Frencken, walikuwa wakijaribu kupeleka huduma ya meno vijijini. Mashine ya kuchonga jino inataka umeme, inataka maji, inataka fundi ikiharibika. Vijijini, vyote vitatu vilikuwa adimu, na kwa hiyo kilichobaki ni koleo: jino likiuma, ling'olewe. Walimu wale wakajiuliza kama uozo hauwezi kukwanguliwa kwa zana za mkono tu na tundu likazibwa kwa simenti inayoshika kwenye jino. Wakajaribu, ikawezekana. Baadaye njia hiyo ilifanyiwa majaribio Thailand na Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani ambayo mwaka ule ilihusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa. Leo inafahamika kwa herufi tatu, ART, na inafundishwa katika nchi nyingi, hata zile zisizojua kukatika kwa umeme.

Nautaja mfano huu kwa sababu unajibu swali letu la mshika mawili. Wale walimu walikuwa wakitibu, wakifundisha na kutafiti kwa pamoja, na hakuna lililowaponyoka, kwa kuwa yote yalitokana na jambo moja: mgonjwa aliye mbele yao na mkono wa yule atakayemtibu kesho. Utafiti wao ulizaliwa kando ya kiti, tena kiti chenyewe pengine kilikuwa meza ya shule.

Uko mfano mwingine. Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro inajulikana kwa meno ya kahawia, na kila mtu husema ni maji, yana floridi nyingi. Ni kweli. Lakini watafiti wa meno wa hapa Tanzania walionyesha kwamba hata penye maji yenye floridi kidogo, watoto wanaweza kuota meno yenye madoa kwa sababu ya magadi yanayotiwa kwenye chakula. Jambo kama hilo halionwi na mtu aliyejifungia ofisini. Linaonwa na anayemuuliza mama mzazi, "Nyumbani mnapika nini, na mnakipikaje?" Vivyo hivyo kwa imani ya meno ya nailoni, ile inayosababisha fizi za watoto wachanga kukatwa ili kutoa vichipukizi vya meno eti ndivyo vinavyoleta homa na kuharisha. Walimu wa vyuo waliifuatilia, wakaiandika, wakaipeleka darasani, ili daktari kijana akikutana nayo asimgombeze mama bali ajue pa kuanzia kumweleza.

Kwa hiyo siwezi kusema utafiti ni adui wa ualimu. Mashaka yangu yako kwenye mizani. Ngazi za chuo kikuu mnazijua: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kupanda kutoka ngazi moja hadi nyingine, kinachobeba uzito mkubwa ni machapisho. Saa zile za kando ya kiti, "Sikiliza" ile iliyomfungua kijana masikio, hakuna mahali pa kuziandika. Basi mtu mwenye akili timamu atafanya nini? Atapunguza muda wa kliniki ili aandike. Nafasi yake kando ya kiti atamwachia mdogo wake kazini, aliyehitimu juzi, ambaye mkono wake bado haujakomaa kwa kutibu, seuze kwa kujizuia.

Na hapo tunakuta udhaifu mwingine: namna tunavyowapata walimu wenyewe. Aliyeongoza darasani, akamaliza mwaka wake wa udaktari tarajali, huombwa abaki chuoni. Ameombwa kwa sababu ya alama zake. Nani amemuuliza kama anaweza kufundisha? Shahada ya uzamili itampa ubingwa wa upasuaji au wa meno ya watoto. Ya uzamivu itampa ubingwa wa utafiti. Ujuzi wa kufundisha, mara nyingi anajichotea kwenye kumbukumbu ya jinsi yeye mwenyewe alivyofundishwa, pamoja na yale makaripio mbele ya mgonjwa, yanayomfanya mwanafunzi atetemeke mkono na mgonjwa atake kushuka kitini. Muhimbili walipoingia kwenye mitaala ya umahiri mwaka 2011, kinachopimwa kwa mwanafunzi kilisogea kutoka anachokijua kwenda anachoweza kukifanya. Hatua kubwa. Lakini mtaala wa namna hiyo unasimama kwa mtu anayejua kutazama mkono wa mwenzake unavyofanya kazi na kuusema kwa haki. Huo nao ni ujuzi, unafundishika, na haupatikani kwa kuwa bingwa wa kitu kingine.

Kuna watakaoniuliza, mbona husemi kuhusu kliniki za jioni? Nasema. Ni kweli walimu wengi wakitoka chuoni huenda kutibu kwenye kliniki binafsi mjini, na watu hunong'ona kwamba wanafuata pesa. Wanafuata pesa, ndiyo. Ada za shule za watoto wao hazilipwi kwa heshima ya joho. Lakini kuna kitu wanachokirudisha. Mwalimu asiyetibu hupoteza mkono, na wanafunzi hugundua haraka kuliko mkuu wa idara. Yule aliyekuwa jana jioni na mgonjwa msumbufu, mwenye bima iliyokataa na jino lililovunjikia ndani, anaingia kliniki ya wanafunzi asubuhi akiwa na jambo la kuwaambia. Tatizo linaanza jioni inapoanzia saa sita mchana. Hilo ni la kuwekewa utaratibu ulio wazi, kwa saa na kwa malipo, na si la kufumbiana macho.

Mbona tujali haya yote, wakati nchi ina malaria, ina ajali za bodaboda, ina mengi? Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu bilioni 3.5, karibu nusu ya dunia, wana maradhi ya kinywa. Na katika kanda yake ya Afrika, uwiano wa madaktari wa meno kwa idadi ya watu ni kama sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Uhaba huo haumalizwi kwa kununua viti. Fanyeni hesabu ndogo nami. Tuseme mwalimu mmoja anapitiwa na wanafunzi 30 kila mwaka, na anafundisha miaka 20. Hao ni madaktari 600. Mazoea yake, mazuri na mabaya, yatakaa mikononi mwa watu 600, kwa kila mgonjwa watakayemgusa maishani mwao.

Kwa hiyo napendekeza matatu. La kwanza, saa za kusimamia kliniki ziingie kwenye mizani ya kupandishwa cheo, tena kwa ushahidi: wenzake waje wamtazame akisimamia, wanafunzi waliokwisha kuhitimu waulizwe, na maoni hayo yapewe uzito unaolingana na makala. La pili, asikabidhiwe mtu wanafunzi kabla ya kufundishwa kufundisha, hata kama aliongoza darasa zima. La tatu, idadi ya viti anavyosimamia mwalimu mmoja iwe na kikomo. Mtu hawezi kuwa breki ya magari 12.

Na wewe msikilizaji, nawe una sehemu yako. Ukienda kutibiwa kwenye kliniki ya kufundishia, una haki ya kuambiwa kwamba anayekuhudumia ni mwanafunzi, una haki ya kukubali au kukataa, na una haki ya kuuliza anayemsimamia ni nani. Uliza jina lake. Ukimwona amesimama pembeni kimya, mikono nyuma, usidhani kwamba hana kazi. Muda wako mrefu pale kitini ni mchango wako kwa mgonjwa ambaye hutamjua, na yeye ndiye anayehakikisha mchango huo haukugharimu jino.

Namalizia kwa madaktari wa meno vijana wanaofikiria kurudi chuoni kufundisha. Msijipime kwa alama mlizopata wala kwa urefu wa orodha ya makala. Jiulize hivi: naweza kumtazama mtu kwa saa nzima akifanya kwa shida kazi ambayo mimi ningeimaliza kwa dakika chache, nisimnyang'anye, nisimkaripie, na bado nikawa tayari kuingia sekunde ile ile mgonjwa anaponihitaji? Kama unaweza, andika barua ya maombi. Kama huwezi, kuna wilaya nyingi zinazokungoja, na huko nako utaheshimika.